SHOKOMZOBA IPIMWE KABLA YA KUNUNULIWA
Mazungumzo kwa madereva na wasimamizi wa gari za Serikali



Nimeombwa nizungumzie shokomzoba, ambayo wengi wetu huiita shokapu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuidhinisha ununuzi wa shokomzoba 2 za mbele kwa gari iliyokuwa ikigonga kila ilipopita shimo. Zilipofungwa, gari iliendelea kugonga vile vile. Kilichokufa kilikuwa ni bushi ndogo ya kiungo cha stabilaiza, kitu cha thamani ndogo mno. Fedha zilizopotea zilikuwa za umma, na saini ilikuwa yangu.

Inafaa basi kufahamu kazi ya chombo hiki. Uzito wa gari haubebwi na shokomzoba. Unabebwa na springi. Springi ikibonyezwa hutaka kurudi, na ikiachwa peke yake hucheza juu na chini mara nyingi kabla ya kutulia. Shokomzoba hulazimisha mafuta yaliyomo ndani yake yapite katika matundu membamba, na nguvu ya mchezo ule hugeuka kuwa joto.

Kwa hiyo gari ikilala upande mmoja, msikimbilie kulaumu shokomzoba. Iegesheni penye sakafu sawa, upepo wa tairi uwe sawa, kisha pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Tofauti ikiwa kubwa, tafuteni springi iliyovunjika au iliyochoka. Hapa visiwani chumvi ya baharini hula chuma, na springi hupenda kukatika katika pingili ya chini, pale inapokalia sahani yake, ambapo maji na mchanga hujikusanya na jicho halifiki kwa urahisi.

Katika gari nyingi ndogo, springi na shokomzoba ya mbele vimeunganishwa kuwa mguu mmoja, kwa mtindo aliouasisi mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940. Mguu huo huzunguka pamoja na usukani. Mkisikia mlio gari ikiwa imesimama na usukani unazungushwa, mmoja wenu aweke kiganja juu ya springi bila ya kupenyeza vidole, na mwenzake azungushe usukani polepole. Springi ikikwama kisha ikaruka, beringi ya juu ndiyo mgonjwa.

Desturi ya kukandamiza kona ya gari na kuiachia si mbaya, ila hufichua ile iliyokwisha kufa kabisa. Inayokufa taratibu hutambuliwa kwa njia nyingine. Unyevu mwembamba wa mafuta juu ya shokomzoba si kitu. Mafuta yanayotiririka ni habari nyingine. Pitisheni kiganja juu ya tairi: mkikuta mabonde yanayofuatana, gurudumu limekuwa likiruka. Angalieni pia kama pua ya gari inazama sana mnapofunga breki. Gari inayovuta upande mmoja, kwa kawaida, ianze kuchunguzwa upepo wa tairi, breki na mkao wa magurudumu.

Nasisitiza hili la breki. Tairi inayoruka haishiki lami, na breki hata zikiwa mpya hazina pa kushikia. Wakati wa masika, barabara ikiwa imerowa, gari ya namna hiyo huhitaji masafa marefu zaidi kusimama, na mbele yake huenda wakawa watoto wanaotoka chuoni. Dereva aliyeizoea haoni mabadiliko, kwa sababu uchakavu huja kidogo kidogo. Anayeazima gari ile kwa siku moja ndiye hushtuka, msikilizeni.

Shokomzoba zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto za ekseli moja, kisha mkao wa magurudumu upimwe upya. Na kwa wale wapendao kujifungulia wenyewe: nati ya katikati, juu ya mguu ule, isilegezwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake maalumu. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua.

Kuanzia sasa, katika fomu za matengenezo, naomba madereva waandike walichosikia, upande gani na katika mwendo gani, wala si jina la kipuri wanachodhani kimekufa. Gari ya mfano imeegeshwa uani; tukatoke tukaishike kwa mikono.