Tuombe msamaha palepale tulipokosea

 

Leo tunaongea juu ya heshima katika simu, na tunaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Mwezi wa pili 2024, watu wa Sake walipokimbilia Goma, odio moja iliingia katika simu zetu kwa WhatsApp. Sauti ya mwanaume, bila jina, ilisema kwamba mama mmoja wa kambini anatia sumu kwenye maji ya robine. Ikataja na kabila lake. Mmoja wetu akaituma katika grupu ya kamati, watu karibu 200, akaongeza: «Mujihadhari.» Alidhani anasaidia. Kesho yake hakuna aliyetaka kuweka bidoni karibu na ya yule mama, na watoto wake wakazomewa njiani. Maji hayakuwa na kitu.

Tulifuta odio, kisha tukaenda kwenye hema yake kuomba msamaha. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: «Mulinisema mbele ya watu mia mbili, halafu munakuja kuniomba msamaha nyuma ya hema?»

Alikuwa na haki. Ukifuta ujumbe, unaondoka katika grupu ile. Lakini ule ambao wengine wamekwisha kuutuma mahali pengine unaendelea kutembea. Jioni ile tukaandika palepale kwamba sisi ndio tuliotuma, kwamba ni uongo, na kila aliyeipeleka mbele apeleke na maneno haya pia. Tulimsomea kwanza. Alitoa neno moja tu: jina la kabila.

Tangu mwezi wa pili 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, majirani wa hema wametawanyika. Wengine wamerudi Masisi na Rutshuru, wengine wako Minova, wengine wamevuka mpaka mpaka Nakivale, Uganda. Kwa wengi simu ndiyo kiwanja kilichobaki cha kukutana. Kiwanjani mtu husalimia kwanza na kusema yeye ni nani. Katika simu tunarukia neno. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikononi mwa wengi. Si ushahidi kwamba ni kweli. Odio inayotukana watu, usiifungue kwa sauti kubwa watoto wakiwa karibu. Na bipu ya saa sita ya usiku, jamani! Sisi tuliokimbia vita, simu ikilia usiku tunafikiri kifo.

Yule mama bado yumo katika grupu. Haandiki sana.

Viongozi, tunaomba mubaki kidogo na simu zenu. Tutafute pamoja ujumbe mliotuma ambao haukuwa kweli, na tuandike masahihisho leo, kabla hamjarudi nyumbani.