Nyanya juu ya mizizi ya biringanya

Msikilizaji, mkulima wa nyanya wa Khayega, Kaunti ya Kakamega, akisikia habari za ukame huenda akashangaa, maana Kakamega hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Kenya. Lakini kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua, jua huwaka, na nyanya ikikosa maji huangusha maua. Mvua zikirudi Machi, huja mnyauko wa bakteria: mmea uliokuwa umenawiri unalala ungali kijani, na dawa ya kunyunyizia majani haiufikii ugonjwa uliomo udongoni.

Ipo njia inayokabili yote mawili. Mche wa nyanya hukatwa, ukaunganishwa juu ya shina la biringanya lenye unene uleule, ukashikizwa kwa kibanio kidogo, kisha ukawekwa kivulini penye unyevu kwa takriban wiki moja hadi kidonda kipone. Mizizi ya biringanya hustahimili kiu kuliko ya nyanya. Aina zilizochaguliwa na Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao Taiwan na ofisi Arusha, huvumilia pia mnyauko huo. Wakati wa kupanda, palipoungwa pasiguse udongo, la sivyo nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na kazi yote ipotee.

Miche hii ni ghali kuliko ya kawaida, kwa hiyo sitaki mkulima wa robo ekari abebe mzigo huo peke yake. Wenye vitalu, waliokwisha kuzoea kuunganisha maparachichi, wafunzwe kwanza. Chuo cha Kilimo cha Bukura kiko humu humu Kakamega, na mafunzo hayo yanaweza kufanyika huko. Serikali ya kaunti igharamie mafunzo hayo kabla ya kiangazi kijacho.