Vita vya Korosho Vimehamia Ardhini



Masasi na Newala, mkorosho ndio karo, bati na daftari. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa zimesalia tani zisizozidi 17,000. Bei duni na kuhamishwa kwa wakulima mbali na mashamba yao vilichangia anguko hilo. Lakini ubwiriunga, ulioenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ndio ulioyaunguza maua na kuwakatisha watu tamaa. Watafiti wa Naliendele walipambana nao, na unga wa salfa ukayarudishia mashamba uhai.

Hata hivyo, salfa ni ngao ya majani na maua tu. Mwaka 2012 mnyauko wa fusari uligunduliwa katika kijiji cha Magawa, Mkuranga. Kuvu wake hukaa ardhini, huingia mizizini na kuziba mishipa ya maji, mti ukakauka ungali umesimama. Salfa inayopulizwa juu haimfikii adui huyo.

Hapo ndipo vijidudu rafiki vinapohitajika. Trikoderma, ambayo nayo ni kuvu, huwahi nafasi na chakula kandokando ya mizizi, hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu mharibifu na kuziyeyusha. Bakteria wa jamii ya basilasi hutoa kemikali zinazozuia kuvu kukua.

Lakini huo si uganga. Vijidudu hivyo hukinga. Havifufui mti uliokwisha kunyauka. Tena huhitaji unyevu na mboji, na Newala ni nchi yenye shida ya maji ya siku nyingi. Kwa hiyo kilichofaa kwingineko hakina budi kujaribiwa kwanza katika udongo wa Makonde.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni wajibu wa bwana shamba kuzuia miche na udongo kutoka mashamba yenye ugonjwa, na kuhakikisha kwamba dawa inayouzwa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mwalimu naye, katika kitalu cha shule, aoteshe mistari miwili ya miche, mmoja wenye vijidudu na mmoja usio navyo, wanafunzi wapime na kuandika. Mkulima apewe ushahidi, asiuziwe matumaini ndani ya chupa.