CHEREHANI KUUKUU SI CHUMA CHAKAVU
Jua thamani yake kabla ya kubadilishana

(Haya ni maneno ya hotuba ya fundi wa cherehani kwa vikundi vya kujisaidia vya Keumbu. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuwako navyo vipate faida.)

 

Nimeombwa niseme juu ya cherehani za zamani: namna ya kujua thamani yake, na namna ya kuzitoa kwa fundi ili akugeuzie nyingine, ya mkono iwe ya miguu, au ya miguu iwe ya stima. Mambo ni mengi, lakini mkisahau yote, shikeni hili moja. Bei ya cherehani yako ni bei moja, na bei ya kazi ya fundi ni bei nyingine. Msikubali zichanganywe.

Kwa nini nasema hivyo? Tembea sokoni hapa, kando ya barabara hii ya kutoka Kisii kwenda Keroka. Kila veranda ina mama au kijana na cherehani yake. Sare za shule mwezi wa Januari, nguo za kwaya, mapazia, kupunguza suruali za mitumba. Watoto wamesomeshwa na kazi hiyo. Lakini nenda nyumbani, fungua stoo. Nyuma ya magunia ya mahindi utakuta nyingine ya marehemu mama, imeshika kutu, kuku analala juu yake. Siku moja broka anapita, anaipima kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka, na vijana wanamsaidia kupakia. Hapo kazi ya mtu imeuzwa kwa bei ya chuma.

Wengine hawauzi kwa kilo, wanabadilishana. Fundi anasema, "Nipe hiyo mbovu, uongeze kidogo, nami nitaitia mota hii nzima." Kubadilishana si dhambi, na mafundi wengi ni watu waaminifu. Mimi mwenyewe hula kwa kazi hiyo. Shida ni moja: mmoja anajua kilichoko mezani na mwingine hajui. Kitabu cha Mithali, sura ya 20 aya ya 14, kinamtaja mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe, kisha akiondoka nacho anajisifu. Maneno hayo ni ya zamani sana, lakini mtu huyo bado tunakutana naye sokoni.

MAJINA NA NAMBA

Anza kwa kusoma. Cherehani nyingi za zamani hapa kwetu ni Singer. Kampuni hiyo ilianza Marekani mwaka 1851. Nyingi zilizofika katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza zilitengenezwa Scotland, katika kiwanda cha Kilbowie mjini Clydebank, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Ukiona aina imeandikwa 15K, 99K au 201K, hiyo herufi K ni ya Kilbowie.

Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia, karibu na gurudumu. Tangu mwaka 1900 namba za Singer huanza kwa herufi moja au mbili. Namba hiyo ni kama kitambulisho cha mtu: inaonyesha ilitengenezwa miaka gani, na tena ndiyo itakayokulinda siku utakapoiacha kwa fundi. Iandike kwenye daftari leo hii.

Sasa sikilizeni vizuri: umri peke yake si thamani. Linaloleta thamani ni kama vipuri vinapatikana. Aina ya 15 ilinakiliwa na viwanda vya Japani baada ya vita vya 1945, kisha na vya China. Cherehani nyingi za Kichina, kama zile za Butterfly, zilifuata mtindo huo. Kwa hiyo bobini na kesi yake, sindano, na hata skrubu nyingi zinaingiliana. Ukiharibikiwa hutalala njaa.

Lakini ziko za zamani zaidi, aina ya 27, 28, 127 na 128. Hizi utazijua kwa chombo kinachobeba uzi wa chini: kina umbo la mtumbwi, na bobini yake ni ndefu na nyembamba. Zinashona vizuri ajabu, lakini chombo hicho kikipotea utazunguka sana kukipata. Basi ukiwa nayo, kile kimtumbwi ni mali. Usikubali fundi aseme, "Hiki kidude hakina kazi." Na ukiwa unanunua, usitoe hata shilingi kabla ya kukiona.

Ile 201K ni kichwa kizito, kinaendeshwa kwa gia, na mafundi wanakipenda. Mtu akikuombea hicho kwa haraka haraka, jiulize haraka hiyo inatoka wapi.

GAWANYA VIPANDE VINNE

Usiulizwe, "Cherehani hii ni pesa ngapi?" ukajibu kwa mkupuo. Igawe kwa vipande vinne: kichwa, meza ya mbao, miguu ya chuma, na vipuri vidogo.

Kichwa. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, likija upande wako. Likikataa, usikate tamaa. Mara nyingi si kutu, ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Tia mafuta ya taa kidogo kwenye matundu ya mafuta, ngoja hata siku mbili, jaribu tena, kisha futa na utie mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana! Hayo huganda yakawa kama gundi, nami nimefungua vichwa vingi vilivyouawa nayo. Gurudumu likizunguka, lishike ulisukume huku na huku. Likicheza sana, shafti imekwisha. Mwisho shona vitambaa viwili pamoja, uangalie mishono juu na chini.

Miguu ya chuma. Hapa ndipo watu wetu wanapunjwa zaidi. Siku hizi wenye hoteli na maduka mijini wanapenda miguu hiyo, wanaweka ubao au kioo juu, inakuwa meza ya kahawa. Huko Uingereza liko duka la nguo, AllSaints, lililojulikana kwa kujaza madirisha yake cherehani kuukuu kama mapambo tu. Kwa hiyo kichwa kinaweza kufa kabisa na miguu ikabaki na bei. Ikague kama ina ufa, maana chuma hicho ni cha kumiminwa, na ukikipeleka kwa welda wa kawaida hakishiki vizuri.

Meza na vipuri. Mbao ngumu isiyoliwa na mchwa ina bei yake. Futi, kesi ya bobini, bamba la chini ya sindano, skrubu zake: viweke kwenye mkebe, uvihesabu kimoja kimoja.

NI UGEUZAJI GANI UNAUTAKA?

Ya mkono kuwa ya miguu. Hapa unahitaji meza, miguu, mkanda wa ngozi, na gurudumu lenye mfereji wa kupitisha mkanda. Kazi si kubwa. Faida yake ni mikono miwili kuwa huru, na anayeshona sare anajua maana yake.

Ya miguu kuwa ya stima. Angalia nyuma ya kichwa, karibu na gurudumu. Pana kinundu cha chuma chenye tundu la skrubu? Hapo ndipo mota hufungwa. Kama hakipo, fundi atatengeneza kishikizo, na bei itapanda. Mota ndogo ya nyumbani ni ya wati 100 hivi. Ukiiendesha saa kumi kamili umetumia yuniti moja ya stima, kwa hiyo usiogope bili kuliko inavyostahili. Ogopa waya. Mota ya mitumba yenye waya wa mpira uliopasuka ni kifo, mwambie fundi abadilishe waya kwanza. Tena mota inaongeza mwendo, haiongezi nguvu ya kutoboa. Usidanganywe kwamba sasa utashona viatu na mahema.

Shauri langu: hata ukitia mota, usitoe miguu yako. Stima ikipotea Desemba, wakati wateja wa sare wamejaa, utarudisha mkanda uendelee na kazi. Fundi anayekuambia, "Miguu hutaihitaji tena, niachie," pengine ana mteja wa meza ya kahawa.

HESABU YA KUBADILISHANA

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, msiende nazo sokoni. Kikundi kina cherehani mbili, moja nzima na moja iliyokufa. Fundi anasema, "Nipeni hiyo iliyokufa na shilingi 3,000, nitaitia mota hii nyingine." Inasikika vizuri, sivyo? Sasa tenganisha.

Kwanza muulize: mota na kazi yako, nikikulipa pesa taslimu, ni ngapi? Tuseme anajibu 7,000. Iandike. Baada ya hapo ndipo mzungumze juu ya ile iliyokufa. Kichwa kwa ajili ya vipuri, 1,500. Miguu ya chuma, 3,500. Meza, 500. Jumla 5,500. Toa kwenye 7,000, inabaki 1,500. Mliombwa 3,000! Hiyo 1,500 nyingine ilikuwa inapotea ndani ya mchanganyiko, na ni pesa za kitambaa cha sare.

Ndugu zetu wa Tabaka wanalijua jambo hili. Jiwe la sabuni likiuzwa ghafi ni bei ya jiwe, na likichongwa ni bei nyingine. Kazi ina bei yake, na kitu kina bei yake. Nanyi pia mtendeeni fundi haki: nauli ya kwenda Kisii kutafuta kipuri ni yake, na siku nzima ya kazi ni yake. Anayempunja fundi hupewa kazi ya kupunjwa.

JIHADHARINI NA UVUMI

Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani za Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani yake, kitu cha thamani kupita dhahabu. Wengine waliamini kwamba ukisogeza simu karibu, mtandao unakatika kama zebaki imo. Watu walilipa maelfu ya riali kwa cherehani za bibi zao. Ulikuwa uongo mtupu. Ndani ya kichwa hicho kuna chuma na mafuta tu, hata mimi nimevifungua. Akija mtu na hadithi ya namna hiyo, akitaka mchange pesa "za kupima", mfungulieni mlango aende zake.

ANDIKENI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Cherehani ikitoka nyumbani kwenda kwa fundi, karatasi iandikwe: aina, namba yake, vipuri vilivyokwenda nayo, kazi itakayofanywa, bei, siku ya kuchukua, na muda ambao fundi atairudia bila malipo ikiharibika. Wote wawili watie sahihi. Piga picha kwa simu, juu na chini. Unapoichukua, soma namba tena, kisha shona hapo hapo mbele yake kabla ya kumaliza kulipa.

Ikiwa ni ya kikundi, hakuna mtu mmoja wa kuibadilisha, hata awe mwenyekiti. Iitishwe mikutano, iandikwe kwenye kumbukumbu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imetupa utaratibu wa kujiandikisha, basi mali yetu nayo iwe na utaratibu. Na kama kweli ni chuma tu, imekwisha kabisa, muuzie mtu mwenye leseni. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka awe nayo.

Jambo la mwisho ni kwa ninyi vijana wa kiume. Cherehani ya marehemu mama si yenu kuuza kwa kilo dada akiwa yuko shule. Muulizeni kwanza. Pengine ndiyo itakayomlisha yeye na watoto wake. Yule Dorkasi wa Yafa, alipokufa, wajane walionyesha nguo alizowashonea. Alikumbukwa kwa kazi ya mikono yake. Kifaa cha kazi kama hiyo kitunzwe.

 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kikundi chetu na nyumba zetu zina cherehani ngapi zisizofanya kazi? Nani ataandika namba zake kabla ya mkutano ujao?
2. Katika kila moja, ni kipande gani kati ya vile vinne bado kina thamani?
3. Mara ya mwisho tulipobadilishana kitu kwa kazi, je, tulijua bei zote mbili?
4. Fundi gani tunayemwamini, nasi tumemtendea haki?