Joto Dhidi ya Saratani Iliyofika Mapafuni: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Ngara na Biharamulo

Mgonjwa anayefika zahanati akikohoa kwa wiki tatu hupimwa kifua kikuu kwanza, na ndivyo ipasavyo. Lakini mama aliyewahi kutibiwa saratani ya shingo ya kizazi, au mzee aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo mpana, akija na kikohozi hicho hicho na makohozi yasionyeshe vimelea, historia yake ya zamani ifunguliwe upya. Seli za saratani husafiri na damu, na damu yote ya mwili hupita mapafuni.

Vinundu vinavyoota huko vikiwa vichache na vidogo, sindano ya joto inaweza kuviua bila kupasua kifua. Mgonjwa hulazwa kwenye mashine ya CT, hupewa ganzi au nusu kaputi, kisha sindano hupenyezwa kati ya mbavu hadi ncha yake iingie kwenye kinundu. Mawimbi ya redio au ya maikrowevu huipasha ncha hiyo. Joto likipita nyuzi 60, protini za seli huganda kama ute wa yai ndani ya maji yanayochemka. Likizidi sana 100, nyama hugeuka mkaa, na mkaa huzuia joto lisienee. Kwa hiyo moto hupimwa kwa uangalifu. Mshipa mkubwa wa damu ukipita jirani huondoa joto na kuacha seli hai pembeni.

Mwaka 2015 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 566 waliotibiwa vinundu 1,037 kwa mawimbi ya redio. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 62. Walikuwa wamechaguliwa kwa makini, na vinundu vyao vingi vilikuwa na upana wa milimita 15 hivi. Kinundu kikizidi sentimita 3, matokeo hushuka. Hewa kuvuja kifuani ilikuwa kawaida, na wengi walihitaji mpira wa kuitoa.

Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kufundisha madaktari radiolojia tiba, fani inayotumia sindano hizi, mwaka 2019. Kutoka Ngara, ni mbali mno. Hata Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ni safari ndefu kupitia Lusahunga, Biharamulo na Geita, ingawa tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko. Anayesafiri bila majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) na picha zake za zamani huanza upya akifika, na kinundu hakimsubiri.

Kuna joto jingine linaloweza kufika karibu zaidi na kijiji. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu mabadiliko ya shingo ya kizazi yanayotangulia saratani kwa kifaa cha mkononi chenye ncha ya moto. Ncha hugusishwa kwa sekunde 20 hadi 30 tu. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kufanya hivyo siku ile ile mama anapopimwa kwa siki, mradi doa linaonekana lote, halijaingia ndani ya mlango wa kizazi, na hakuna dalili ya saratani. Mama hurudi nyumbani siku hiyo, na baada ya miezi 12 hupimwa tena.