MASWALI YA WANAFUNZI JUU YA RADI

(Maneno ya hotuba kwa wanafunzi, wazazi na walimu)



Wazee walisema kwamba kuuliza si ujinga, na tena wakaonya kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtoto aulizaye jambo hamvunjii mkubwa heshima yake, atafuta njia. Na katika maswali yote ambayo wanafunzi huwauliza walimu wao wa sayansi, yako yanayorudi kila majira ya mvua, wakati ngurumo zinapotikisa mabati ya darasa hata sauti ya mwalimu isisikike. Hayo ni maswali juu ya radi.

Majibu yake si ya mtihani tu. Mwezi wa Juni, mwaka wa 2011, radi ilipiga shule moja ya msingi katika wilaya ya Kiryandongo, nchi ya Uganda, na watoto 18 walikufa siku hiyo moja. Kwa hiyo yafaa kila swali lijibiwe kwa utaratibu, na mzazi asikilize pamoja na mtoto.

Swali la kwanza: Je, umeme, ngurumo na radi ni vitu vitatu?

Lugha ina majina matatu, bali jambo ni moja. Umeme ni ule mwanga uonekanao. Ngurumo ni sauti yake. Radi ni pigo lenyewe lishukalo juu ya mti, nyumba au mtu. Hakuna umeme wa mawinguni usio na ngurumo, ila pengine uko mbali mno hata sauti isimfikie mtazamaji.

Asili yake ni hii. Wingu kubwa la mvua huweza kupanda juu kilomita 10 na zaidi, na huko juu baridi ni kali kuliko kwenye theluji ya Mlima Kenya. Ndani ya wingu hilo upepo husukuma chembe za barafu na punje laini za mvua ya mawe, nazo hugongana bila kukoma. Katika kugongana huko nguvu za umeme hutengana, maana ziko za namna mbili, nazo huitwa chanya na hasi. Kwa kawaida chanya hukusanyika juu ya wingu, na hasi upande wa chini. Zikisha kulimbikana kupita kiasi ambacho hewa yaweza kuzuia, hupasua njia, ama kutoka wingu hata wingu, ama kutoka wingu hata ardhi.

Mwanafunzi asiyesadiki na atwae kitana cha plastiki, akipitishe mara nyingi katika nywele kavu, kisha akisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Ataona karatasi zikirukia kitana. Kadhalika, mtu avuaye sweta ya nailoni gizani, wakati wa baridi kavu, huweza kusikia milio midogo na kuona cheche. Cheche ile ni ndugu mdogo wa radi.

Swali la pili: Kwa nini umeme huonekana kwanza, na ngurumo hufuata?

Jibu lake laweza kuonekana kijijini. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka huonekana likishuka, na mlio hufika baadaye kidogo. Shoka na mlio vilitokea pamoja, lakini mwendo wao si sawa. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Sauti huenda mita 340 tu kwa sekunde moja. Basi sauti huhitaji karibu sekunde 3 ili kwenda kilomita moja.

Hapo ndipo hesabu ya darasani inapogeuka kuwa ngao. Mtu akiona umeme na aanze kuhesabu sekunde mpaka asikie ngurumo, kisha agawanye kwa 3. Akihesabu 9, radi ilipiga umbali wa kilomita 3. Hesabu ikizidi kupungua kila mara, dhoruba inamkaribia.

Lakini asidanganyike kwamba kilomita 3 ni mbali. Radi huweza kupiga kilomita 10 na zaidi kutoka mahali mvua inaponyesha, hata chini ya mbingu iliyo nyeupe. Na ngurumo kwa kawaida haisikiki mbali sana kupita hapo. Maana yake ni kwamba kila aisikiaye ngurumo, yu karibu kutosha kupigwa.

Swali la tatu: Sauti ile kubwa hutoka wapi?

Njia ya umeme ni nyembamba, lakini hupata moto wa karibu digrii 30,000 za Selsiasi, yaani mara 5 ya moto ulio juu ya uso wa jua. Hewa ya hapo hutanuka ghafula kama baruti, na huo mshindo ndio ngurumo. Tena njia hiyo ina urefu wa kilomita kadhaa, na sauti ya sehemu zilizo karibu hufika kabla ya sauti ya sehemu za mbali. Ndiyo sababu ngurumo huvuma kwa muda mrefu, wala haiishi kwa mlio mmoja, ila ikipiga karibu sana.

Swali la nne: Kwa nini sehemu za Kisii, Kakamega na Nandi hupata radi nyingi?

Sababu yake ni Ziwa Victoria pamoja na vilima. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani. Upepo huo ukikutana na vilima hupanda juu, ukafanya mawingu makubwa wakati wa alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, na dhoruba hutokea juu ya maji. Wavuvi walijua jambo hili tangu zamani kwa kuliona kwa macho yao.

Swali la tano: Je, ni kweli kwamba nguo nyekundu na vioo huita radi?

Katika nyumba nyingi mvua ikianza vioo hufunikwa, na mtoto aliyevaa shati jekundu huambiwa alivue. Hakuna ubaya katika kufunika kioo, ila ubaya ni kudhani kwamba kazi imekwisha. Radi haichagui rangi, wala haivutwi na kung'aa. Ambavyo huelekea kupigwa zaidi ni vitu virefu, vilivyo peke yao, na vyenye ncha: mti ulio katikati ya shamba, mlingoti wa bendera, nyumba iliyo juu ya kilima, au mtu asimamaye wima katika uwanja wa mpira. Mtoto mwenye shati jeupe chini ya mti mrefu yu katika hatari kubwa kuliko mwenye shati jekundu ndani ya nyumba ya mawe.

Wengine husema kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Hili nalo si kweli. Jengo la Empire State, lililoko New York, Marekani, hupigwa na radi mara 20 na zaidi katika mwaka kwa wastani.

Swali la sita: Je, mtu aweza kumtumia jirani yake radi?

Swali hili wanafunzi huliuliza kwa sauti ya chini, nalo ni zito kuliko yote. Mahali pengine radi ikiua, watu hutafuta aliyeituma, na mzee asiye na kosa hufukuzwa kwake au nyumba yake kuchomwa moto. Hivyo msiba mmoja huzaa msiba wa pili, na huo wa pili hauletwi na mawingu.

Mwaka wa 1750 Benjamin Franklin wa Marekani aliandika kwamba umeme wa mawingu ni sawa na ule ambao watu waliweza kuufanya kwa vyombo, na akaeleza jinsi ya kulijaribu jambo hilo kwa fimbo ndefu ya chuma. Tarehe 10 Mei, mwaka wa 1752, Wafaransa walilijaribu katika kijiji cha Marly-la-Ville, wakapata cheche kutoka katika chuma hicho dhoruba ilipopita. Mwaka uliofuata, yaani 1753, mtaalamu Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi mjini Saint Petersburg, Urusi, akiwa katika kupima nguvu hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi asithubutu kamwe kuyarudia majaribio ya namna hii. Kitana na karatasi vyamtosha.

Matunda ya kazi yao ni kinga ya radi: fimbo ya chuma iliyosimamishwa juu ya paa, yenye waya mnene uendao mpaka chini ya ardhi. Radi ikishuka hushika njia hiyo, ikapotelea ardhini. Kinga hiyo ikifungwa sawasawa hulinda nyumba ya mtu mwenye adui wengi kama ilindavyo nyumba ya mtu apendwaye na wote. Chuma hakijui ugomvi wa mipaka ya shamba. Kama radi ingekuwa ikitumwa kwa chuki, waya usingeweza kuigeuza.

Mtu atauliza tena: Basi kwa nini ilipiga nyumba hii, ikaiacha ile? Urefu wa kitu na mahali kilipo huongeza hatari, lakini hata mtaalamu hawezi kutaja mapema mahali ambapo radi itashuka. Bahati mbaya si ushahidi wa ubaya wa jirani.

Swali la saba: Kwa nini ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja?

Radi ikipiga mti haishii pale. Huweza kuruka kutoka shinani ikampata aliye karibu, na tena hutawanyika ardhini pande zote. Nguvu yake ni kubwa karibu na mti, na hupungua kadiri iendavyo mbali. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, basi umeme hupanda mguu mmoja, ukapita mwilini karibu na moyo, ukatokea mguu wa pili. Mchungaji aliyesimama karibu, miguu yake ikiwa pamoja, huweza kupona. Lakini asilitegemee hilo. Lililo jema ni kuwaondoa ng'ombe chini ya mti mapema, mawingu yanapoanza kujenga mnara, wala si baada ya matone ya kwanza.

Swali la nane: Mtu na afanye nini?

Nje hakuna mahali palipo salama kabisa. Mtu na aingie katika jengo kubwa lenye kuta imara, nyaya za umeme na mabomba yaliyofika ardhini, au ndani ya motokaa yenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Motokaa humlinda kwa kuwa bati lake hupitisha umeme kwa nje, wala si kwa sababu ya mipira ya magurudumu.

Nyumba ya udongo, ya nyasi, au ya mabati isiyo na kinga haina usalama huo. Aliye humo bila pengine pa kukimbilia na akae mbali na kuta, mlango na nguzo, asilale chini sakafuni, aketi juu ya kigoda, miguu yake ikiwa pamoja. Katika nyumba yenye stima asioge, wala asishike simu iliyounganishwa na waya ukutani. Simu ya mkononi isiyo na waya haiiti radi. Mvuvi na arudi pwani, mkulima aliweke jembe chini aende nyumbani, na mwalimu asimamishe mchezo wa mpira hata kama timu yake inakaribia kushinda. Watu wasirudi nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Swali la tisa: Je, aliyepigwa na radi yafaa kuguswa?

Yafaa, na upesi. Watu wengi wamekufa kwa sababu walio karibu waliogopa kwamba umeme ungalimo mwilini mwao. Haumo. Ulipita mara moja ukaenda zake. Aliyeanguka, asipumue wala asiitikie, moyo wake huenda umesimama tu, na waweza kuamshwa. Aliye karibu na amlaze chali, aweke mikono yake miwili katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu mara 100 hata 120 kwa dakika, wala asiache mpaka msaada ufike. Ikiwa watu kadhaa wamepigwa pamoja, wasaidiwe kwanza wale waliolala kimya bila kupumua, maana anayelia bado ana pumzi.

Wasikilizaji, majibu haya yalipatikana kwa watu walioona, wakauliza, wakapima, na wengine wakafa. Mtoto awezaye kuhesabu mpaka 9 aweza kuyatumia leo jioni. Basi mzazi asimnyamazishe akiuliza juu ya mawingu, bali amwambie ahesabu kwa sauti, na akisha kuhesabu, wote waingie ndani.