Mafindofindo, Moyo na Kipimo cha ASO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, Babati)



Nimeombwa niseme habari za kazi yetu katika idara ya afya. Nimechagua jambo linaloanzia mabwenini: mafindofindo.

Mengi huletwa na virusi, nayo huondoka yenyewe. Lakini yapo yaletwayo na bakteria waitwao streptokokasi. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nao. Kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, kinga hiyo hukosea shabaha ikashambulia moyo wenyewe. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, maungo huvimba, maumivu yakihama kutoka goti hadi kifundo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maungo hupona, vali za moyo zaweza zisipone.

Wakati huo mara nyingi bakteria hawaonekani tena kooni, kwa hiyo tunapima damu. Mwaka 1932 mtaalamu E. W. Todd alieleza namna ya kupima kingamwili dhidi ya streptolisini O, sumu ya bakteria hao inayopasua chembe nyekundu za damu. Siku hizi aghalabu tone la seramu, yaani yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiganda, huchanganywa na tone la lateksi juu ya kibao, kikatikiswa dakika 2. Yakionekana machengachenga, kingamwili zimevuka kiwango, ambacho kwa kawaida ni yuniti 200 kwa mililita.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana karatasi ya majibu huogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Majibu hayo husema tu kwamba bakteria walipita. Hayasemi kuwa moyo umeumia. Kumdunga mtoto mzima wa afya sindano kila mwezi kwa sababu ya namba peke yake ni kumwonea. Tena, maambukizo yakiwa ya ngozi, kipimo hiki chaweza kuyakosa. Lazima daktari asikilize moyo.

Aliyethibitika kuugua ndiye wa kudungwa benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Vali ikiharibika, safari yaweza kuwa ya Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa 2015, na nauli ya huko mkulima wa mbaazi anaijua.

Mwalimu wa bweni, uliniuliza ufanye nini. Mwanafunzi mwenye homa na koo linalouma, bila mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, bado yaweza kuzuia homa hiyo.